Kabla Ubadilishe Rimu, Soma Kwanza Tairi ya Guka

Nianze na msimamo wangu ili usipoteze muda: kwenye gari ya zamani, namba muhimu kuliko zote haiko kwa logibuku, haiko kwa injini, na haiko kwa bei uliyotajiwa na broka. Iko ubavuni mwa tairi. Ukiisoma vizuri, inakuambia barabara gani gari hiyo ilijengewa, mzigo gani ilibeba, na kwa nini bado iko hai wakati magari mengine ya umri wake yalishauzwa kama vyuma vikuukuu.

Nawaandikia hasa wasee wa rika langu kuanzia Nyeri na Karatina, kupitia Kerugoya na Embu, hadi Meru na Nanyuki. Siku hizi tumependa magari ya kina guka. Mtu anatoa Peugeot 504 iliyolala chini ya mparachichi miaka kumi. Mwingine anafukuza kuku kutoka ndani ya Beetle. Mwingine anapata Datsun 1200 pickup kwa mjane ambaye hajui aiuze au aiache tu. Safi sana. Halafu kitu cha kwanza tunachonunua ni nini? Rimu. Breki hazishiki, taa moja imekufa, lakini rimu zinang'aa na tairi ni nyembamba kama chapati.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo usitafute cheti cha uhandisi hapa. Nilicho nacho ni muda mwingi niliokaa kwenye mabanda ya tairi, kalkuleta ya simu, na vitabu vya gari ambavyo kila ukurasa una alama ya kidole chenye grisi. Nimegundua kwamba historia ya hizi sehemu zetu imeandikwa kwa mpira mweusi, na wengi tunaibandua bila kuisoma.

Na kuna kitu cha kupoteza. Kenya ina sheria ya viwango, KS 1515:2000, ambayo haikubali gari ya mtumba yenye zaidi ya miaka minane kuingizwa kwa matumizi ya kawaida. Maana yake ni rahisi: zile 504, 404, Beetle na Datsun ziko hapa ndizo tulizo nazo. Ukiharibu moja, meli haileti nyingine Mombasa.

Namba inasema nini

Tuanze na tairi ya kisasa, 185/65R15. Hiyo 185 ni upana kwa milimita. Hiyo 65 ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani asilimia 65 ya upana. R ni radiali. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo rimu ya 15 ni milimita 381. Hiyo ndiyo hesabu yote utakayohitaji leo.

Sasa angalia tairi ya zamani. Beetle nyingi za zamani zilivaa 5.60-15. Hakuna asilimia, hakuna R. Upana ni inchi 5.60, rimu ni inchi 15, basi. Hizo zilikuwa tairi ambazo nyuzi za ndani zinapita mshazari, tabaka moja juu ya lingine zikikatana kama msuko. Ukuta wake ulikuwa mrefu karibu sawa na upana wenyewe, ndiyo maana hawakuona haja ya kuandika asilimia.

Halafu Wafaransa wa Michelin wakaleta tairi ya radiali. Hataza ni ya 1946, na tairi yenyewe iliyoitwa X ikaanza kuuzwa 1949. Nyuzi zinapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya meno kuna mkanda wa chuma. Inashika barabara vizuri na inakaa muda mrefu. Kwa radiali za mwanzo, ukuta ulikuwa kama asilimia 80 ya upana, na bado hawakuandika. Kwa hivyo ukiona 165R15, isome kama 165/80R15. Watu wengi hapa ndipo wanapotea. Wanaona namba fupi, wanadhani ni tairi fupi.

Kuna kingine. Wafaransa walikuwa wakipima hata rimu kwa milimita. Peugeot 404 ilikuja na tairi iliyoandikwa 165-380. Mtu akiiona anashtuka, anasema hiyo saizi haipo tena duniani. Fanya hesabu: 380 ugawanye kwa 25.4 unapata 14.96. Hiyo ni rimu ya 15. Yaani 404 ya Mfaransa na Beetle ya Mjerumani, magari mawili yasiyo na undugu wowote, zinaweza kuvaa tairi moja, 165R15.

Lakini usichukue huo ujanja uutumie kila mahali. Michelin walikuwa pia na rimu za milimita 400, ambayo ni inchi 15.75. Baadaye wakaja na mfumo wa TRX wenye rimu za milimita 390, na baadhi ya Peugeot 505 zilitoka nazo zikivaa 190/65R390. Hiyo 390 ni inchi 15.35. Fundi mwenye nguvu anaweza kulazimisha tairi ya 15 au ya 16 ikae hapo, na ikupeleke hadi mjini. Usikubali. Ukingo wa tairi haujakaa kwenye kiti chake, na siku utakapotoka utakuwa kwenye kona.

Wembamba na warefu walishinda Safari

Mwaka wa 1953 mashindano ya Coronation Safari yalianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ndiyo yakawa Safari Rally, na kwa miaka mingi mzunguko wa Mlima Kenya ulikuwa sehemu ya njia yake.

Kumbuka vizuri huo mwaka. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Wakati wengine wanasherehekea kwa magari, watu wa Nyeri walikuwa ndani ya Emergency. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kwa lazima hadi vijijini vyenye ulinzi, na watu, wengi wao akina mama, wakafanyishwa kazi ya kulazimishwa: kuchimba matuta, kuchimba handaki la kuzuia msitu, kutengeneza barabara. Kwa hivyo unapoteremka barabara fulani za huku juu na 504 yako ukicheza muziki, jua kwamba inawezekana kabisa mkono wa cucu wako ulishika jembe pale. Barabara za huku zina historia, na haikuanza na lami.

Zilikuwa barabara za namna gani? Udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa mvua ni sabuni. Miteremko mikali, daraja bondeni, halafu kupanda tena. Na magari gani yalifaulu? Beetle ilishinda Safari mwaka wa 1954, ikarudia 1957, na tena 1962. Kisha zikaja 404: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na mwaka wa 1968 mvua na tope vilimaliza watu kiasi kwamba magari saba tu yalifika mwisho. Saba! Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff ndani ya 404.

Hizo gari hazikuwa na nguvu kubwa. Zilikuwa imara, zilikuwa juu, na zilizaliwa zikivaa viatu vyembamba na virefu. Kuna sababu. Tairi nyembamba inaweka uzito wa gari kwenye eneo dogo, kwa hivyo kwenye tope laini la juu inakata hadi ifike udongo mgumu ulio chini. Tairi pana inaelea juu ya hilo tope kama mtu aliyevaa slipa. Mchangani Turkana mambo ni tofauti, huko upana unasaidia, lakini Othaya si Turkana. Ukuta mrefu nao unameza shimo kabla shimo halijafika kwenye rimu, springi na mgongo wako. Na kwa kuwa hayo magari hayakuwa na usukani wa kusaidiwa na injini, wembamba ulimwezesha dereva kukata kona bila kupigana na gari.

Kwa hivyo msee akikuambia tairi nyembamba ni za gari ya maskini, mwambie aende akasome orodha ya washindi.

Tairi iliyobeba watu na mazao

Mwaka wa 1954 pia ndio mwaka wa Mpango wa Swynnerton, uliofungua njia ya wakulima Waafrika kulima kahawa na chai kwa wingi kama zao la biashara. Baada ya uhuru, KTDA ikaundwa 1964 na chai ya wakulima wadogo ikaenea kwenye miinuko yote hii. Pesa ya kahawa na chai ndiyo iliyonunua gari nyingi za kwanza za Waafrika huku kwetu. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya magari ya abiria, na biashara ikalipuka. Kwa safari ndefu, mfalme akawa Peugeot, 404 kisha 504 ya stesheni wageni. Wazee wanaita Pijo hadi leo. Miaka hiyo hiyo ya 1970 kiwanda cha AVA kikaanzishwa Mombasa, na 504 zikawa zinaunganishwa hapa hapa nchini. Kwenye Safari yenyewe, 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 coupé ya V6.

Sasa njoo kwa tairi. 504 ya kawaida, ile ya saluni, ilivaa 175R14. Stesheni wageni na pickup zilivaa 185R14 yenye ukuta ulioimarishwa. Kwa macho ni tofauti ndogo, milimita kumi tu. Kwa kazi ni tofauti ya maisha. Tairi ina namba ya mzigo karibu na saizi. Tairi ya saluni ya kisasa ya 185/70R14 mara nyingi huandikwa 88, maana yake tairi moja inabeba kilo 560. Tairi ya kazi ya 185R14 yenye herufi C mara nyingi huandikwa 102, maana yake kilo 850. Mbili za nyuma: kilo 1,120 dhidi ya kilo 1,700. Weka pickup ya 504, uzito wake wenyewe wa nyuma, kisha tani moja ya viazi kutoka Kieni. Fanya hesabu mwenyewe. Zile 88 zimezidiwa hata kabla hujatoka getini, na huko mbele kuna mteremko wa kwenda Sagana.

Zile tairi mbili zinafanana sana ukizitazama haraka. Zote 185, zote 14. Nimeona pickup za 504 mjini Karatina zimevaa za saluni kwa sababu zilikuwa bei nafuu. Hiyo ndiyo sababu naandika hii kitu.

Halafu ikaja 2004. John Michuki, mbunge wa Kangema na waziri wa uchukuzi, alikuwa ametoa kanuni zake Oktoba 2003, na Februari 2004 zikaanza kutekelezwa: mikanda, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Watu wanakumbuka mikanda. Wachache wanakumbuka kwamba spidometa ya gari haipimi mita za barabara. Inahesabu mizunguko. Ukibadilisha kimo cha tairi, umebadilisha maana ya 80.

Nani aliamua tairi gani iishi

Hapa kuna siri ambayo nilichukua muda kuielewa. Tairi ya gari ya zamani haiishi kwa sababu gari ni maarufu. Inaishi kwa sababu kuna gari nyingine ya kazi inayoihitaji.

Chukua Land Rover. Ilianza 1948, na huku kwetu ilifika na sura mbili. Kwa masetla wa Nanyuki ilikuwa gari ya ranchi. Kwa wazee wengi wa Nyeri ilikuwa gari ya askari wakati wa Emergency, na ukiuliza guka kuhusu Land Rover usishangae akinyamaza kwanza. Ile ndefu ya 109 ilivaa 7.50-16. Hiyo saizi ni ya mfumo wa zamani kabisa wa inchi, ilipaswa kuwa imekufa. Lakini ingia duka lolote la tairi Nanyuki au Embu uulize 7.50-16, utaipata. Kwa nini? Kwa sababu lori ndogo za kubeba mchanga, kabeji na mawe ya kujengea bado zinatumia tairi za jamii hiyo. Canter ndiyo iliyookoa kiatu cha Land Rover. Vilevile 185R14 ya 504 ipo kwa sababu pickup na vani za Kijapani ziliitumia miaka na miaka.

Sasa mwangalie Datsun 1200. Gari nzuri, nyepesi, ilikuwa kila mahali. Ilivaa rimu za inchi 12. Magari ya mtumba yaliyokuja baadaye yalikuja na 13, 14 na 15, na inchi 12 ikabaki yatima. Mwenye Datsun halisi anatafuta tairi kama anayetafuta dawa ya kienyeji.

Na kuna pigo lingine. Firestone East Africa ilianzishwa 1969, na kwa miongo kadhaa Kenya ilitengeneza tairi zake Nairobi. Kampuni ikaja kuwa Sameer Africa, na jina Yana likajulikana hadi vijijini. Mwaka wa 2016 utengenezaji wa tairi pale Nairobi ukasimama, na tairi zikaanza kuagizwa kutoka ng'ambo. Kiwanda cha hapa hujua barabara na magari ya hapa. Kontena kutoka mbali huleta saizi zinazouzika haraka duniani. Ndiyo maana duka limejaa 195/50R15 na hakuna 165R15 hata moja.

Namna ya kuchagua, kwa lugha ya kawaida

Kwanza, pima kimo. Kanuni ninayofuata ni kwamba tairi mpya isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia tatu. Tuchukue Beetle. Ya asili, 165R15: ukuta ni 165 mara 0.80, yaani 132. Mara mbili ni 264. Ongeza rimu 381, unapata milimita 645. Sasa ile inayopendwa na vijana, 195/50R15: ukuta ni 97.5, mara mbili 195, ongeza 381, unapata 576. Umepungukiwa na milimita 69, karibu asilimia 11. Matokeo yake: tumbo la gari limeshuka karibu sentimita tatu na nusu. Spidometa ikisoma 80, unaenda kama 71. Safari ya Nyeri hadi Nairobi ya kilomita kama 150 itasomeka 168. Na injini inazunguka asilimia 12 zaidi kwa mwendo ule ule. Hiyo injini ya guka inapooza kwa hewa tu, bro. Ihurumie.

Pili, pima upana wa rimu. Mtu mjanja atasema, sawa, basi niweke 195/65R15, maana kimo chake ni 634.5 na hiyo ni tofauti ya asilimia 1.6 tu. Kimo kimefaulu. Lakini tairi hiyo inataka rimu yenye upana wa inchi 5.5 kwenda juu, na rimu ya Beetle ni inchi 4 au 4.5. Ukiilazimisha, kuta zinabanwa, tairi inavimba kama puto, na kwenye kona gari inayumba kama mtu wa chang'aa. Kimo na upana lazima vikubaliane.

Tatu, duara la boliti. Hesabu boliti, kisha pima duara linalopita katikati yake. Beetle hadi 1967 ina boliti tano kwenye duara la milimita 205. Kuanzia modeli za 1968 ikawa boliti nne kwenye milimita 130. Rimu hazibadilishani, hata kama gari zinafanana kama mapacha. Datsun 1200 ina nne kwenye 114.3. Toyota ndogo nyingi za siku hizi zina nne kwenye 100. Zote zina matundu manne, na hapo ndipo fundi wa haraka anapotoa drili au kuingiza boliti kwa pembe. Boliti iliyoingia kwa pembe haishiki, inangoja tu. 404 nayo ina boliti tatu tu, kwa hivyo mwenye 404 afadhali atunze rimu zake kama hati ya shamba.

Nne, mzigo. Nimeshasema. Soma namba ya mzigo, na usishuke chini ya ile ya asili. Kama gari inafanya kazi, tafuta herufi C.

Tano, tyubu. Rimu nyingi za zamani hazina ule mwinuko mdogo wa ndani unaoshika tairi isiyo na tyubu. Hata ukivaa tairi ya kisasa, weka tyubu, na iwe tyubu ya radiali ya saizi hiyo. Pia usichanganye radiali na zile za nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja. Gari itavutana yenyewe kama ng'ombe wawili kwenye nira moja wenye safari tofauti.

Sita, umri. Tafuta neno DOT ubavuni, uangalie tarakimu nne za mwisho. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Tairi ya saizi adimu inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na huku mpira umekauka, kwa sababu ilikaa stoo miaka yote hiyo. Meno hayaonyeshi umri. Tarakimu ndizo zinaonyesha.

Lakini gari ni yangu

Najua. Na sikatai mtindo. Hii ni sanaa pia, na barabara zimebadilika. Ile ya Kenol hadi Marua kupitia Sagana, kilomita 84 za njia mbili mbili, si barabara ambayo 504 ya 1980 iliijua. Kama gari yako haitoki kwa lami, una nafasi ya kucheza kidogo. 504 ya saluni yenye kimo cha 635.6, ukiivalisha 195/70R14 unapata 628.6. Tofauti ni asilimia moja. Hakikisha rimu inaruhusu huo upana na tairi haigusi madigadi ukikata usukani hadi mwisho, halafu endelea na maisha yako. Huo ni mtindo wenye akili.

Kile ninachopinga ni kuifanya gari ya zamani ionekane ya kisasa kwa kuitoa uwezo uliofanya ipendwe. Hiyo gari ilipanda Tetu kwenye mvua ya Aprili ikiwa na watu tisa na magunia. Ilipeleka mtu hospitali usiku. Ilileta maiti nyumbani. Ilifanya hayo yote kwa sababu mtu fulani aliketi akapima kimo, upana na mzigo, akaandika namba ndogo kwenye ukuta wa mpira. Ukiishusha hadi isivuke tuta la shule, umebaki na picha ya gari.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kutuma pesa kwa mtu wa rimu, fanya hivi. Toa tope kwenye tairi ya hiyo gari. Chukua chaki, pakaa kwenye namba zionekane, piga picha. Angalia pia kibandiko au kitabu cha gari kama kipo, kwa sababu huenda tairi iliyopo si ya asili. Kisha muulize mwenye gari, au mjane wake, ilikuwa ikibeba nini na ikienda wapi. Andika majibu. Halafu ndiyo uende dukani, na uende na tepu ya kupimia.